Kufungwa na Mali Yako: Ushindani wa Vicheza Muziki vya Mfukoni, 1998–2008



Niseme mapema ninachokuja kukitetea, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kunoa swali lake. Katika ushindani uliozaa iPod na kuzika majina mengine kadhaa, walioshindwa hawakukosa akili, fedha wala mafundi. Wengi wao walikuwa na vyote vitatu kumzidi mshindi. Walichokuwa nacho zaidi ni mali ya zamani waliyoogopa kuigusa: kampuni ya muziki, washirika wa biashara, wateja waliowazoea. Mali hiyo ndiyo iliyowafunga mikono. Na mshindi naye alikaribia kufungwa vivyo hivyo, nitafika huko.

Tuanze na hesabu kidogo. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa masikio mawili, na kila kipimo ni biti 16. Dakika moja ya wimbo hula takribani megabaiti 10. Kwa kompyuta za miaka ya 1990 huo ulikuwa mzigo. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer pale Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa mmoja wao, walitumia miaka mingi kutafuta ni sauti zipi sikio la binadamu halizipati, kwa mfano mlio mdogo unaofunikwa na mkubwa ulio jirani yake, wakazitupa. Kilichobaki kilikuwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya mzigo wa awali, na msikilizaji wa kawaida hakuona tofauti. Mwaka 1995 mafaili hayo yakapewa mkia wa .mp3.

Mwaka 1998 kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini ikatoa kicheza muziki kilichoitwa MPMan. Hakikuwa na mkanda wala sahani inayozunguka. Nyimbo zilikaa ndani ya chipu ya megabaiti 32. Gawanyeni wenyewe: nusu saa ya muziki, nyimbo nane hivi. Kaseti ya dakika 90 ilikishinda mara tatu. Mwaka huohuo Diamond Multimedia ya California ikatoa Rio PMP300, chenye megabaiti hizohizo, kwa dola 200, na hapo ndipo makampuni ya muziki ya Marekani yaliposhtuka. Chama chao kikakimbilia mahakamani Oktoba 1998 kuzuia Rio isiuzwe.

Kesi hiyo husahauliwa, lakini mimi naiona ndiyo iliyochora uwanja wa mchezo. Sheria ya Marekani ya 1992 ilivitaka vifaa vya kurekodi muziki kidijitali viwe na kinga dhidi ya kunakili nakala ya nakala, na watengenezaji walipe tozo. Juni 1999 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Rio haiguswi na sheria hiyo. Sababu yake ni ya kushangaza kidogo: Rio haikunakili kutoka kwenye CD wala kaseti, ilinakili kutoka kwenye diski ya kompyuta, na diski ya kompyuta haihesabiwi kuwa chombo cha muziki kwa kuwa imejaa mambo mengine chungu nzima. Majaji wakaongeza kwamba mtu anayehamisha wimbo wake mwenyewe ili atembee nao hajafanya kosa.

Tangu siku hiyo mlango halali wa kuingia mfukoni ukawa kompyuta. Swali likabaki moja: nani atamiliki njia kati ya kompyuta na mfuko? Wengi hawakulisikia swali hilo. Walisikia lingine, la gigabaiti ngapi.

Twende Singapore, maana huko ndiko kisa kilipo. Creative Technology ilianzishwa na Sim Wong Hoo, na kadi yake ya Sound Blaster, iliyotoka 1989, ndiyo iliyozifanya kompyuta za kawaida ziache kulia mlio wa kengele zianze kupiga muziki. Mwaka 1992 ikawa kampuni ya kwanza ya Singapore kuuza hisa kwenye soko la Nasdaq. Sim mwenyewe alikuwa mtu wa maneno. Katika kitabu alichokichapisha 1999 aliwatania wananchi wenzake kwamba barabarani hawageuzi gari mpaka waone kibao kinachoruhusu kugeuza, wakati nchi nyingine dereva hugeuza popote pasipo na kibao cha kukataza. Akasema ugonjwa huo umeingia hadi maofisini. Alifariki Januari 2023, na huko kwao bado wanautaja utani huo.

Mwaka 2000, mwaka mzima kabla ya iPod, Creative ikatoa Nomad Jukebox. Hii hapa mezani. Ipitisheni mkono kwa mkono, lakini msiiangushe, vipuri hakuna. Mnaona umbo lake: duara lenye mabega, ukubwa wa kicheza CD cha kutembelea. Ndani mna diski ya kompyuta mpakato ya inchi 2.5 yenye gigabaiti 6, ya kubeba nyimbo zaidi ya elfu moja, inayoendeshwa na betri nne ndogo za kuchaji. Bei ilikuwa dola 499. Fungueni kifuniko cha betri mwone zilivyopangwa, halafu jaribuni kuitia mfukoni. Mfuko wa koti utakubali, wa suruali hapana.

Lakini uzito si tatizo lake kubwa. Tatizo ni tundu lile dogo la waya. USB ya wakati ule ilipitisha megabiti 12 kwa sekunde ikiwa na siku njema, na mara nyingi haikuwa na siku njema. Mtu aliyetaka kuijaza Nomad alichomeka waya jioni, akaenda kula, akarudi, akaangalia mstari unavyotambaa, akaenda kulala. Kuhusu programu ya kupangia nyimbo, aliyeizoea ni yule aliyezoea pia kufungua boksi la kompyuta kwa bisibisi. Na hao ndio waliokuwa wateja wa Creative! Watu wa Sound Blaster, wasomaji wa majedwali ya vipimo. Kampuni iliwaheshimu, ikawatengenezea walichopenda: redio ya FM, kinasa sauti, betri ya kubadilisha, aina nyingi za mafaili. Baadaye ikaja familia nzima ya Zen: Zen Touch, Zen Micro, Zen Neeon, Zen Sleek, Zen Vision. Mnunuzi wa kawaida akisimama mbele ya kabati la duka hakujua aanzie wapi.

Wakati huo Apple ilikuwa na nini? Sehemu ndogo tu ya soko la kompyuta duniani, na programu ya iTunes iliyotoka Januari 2001. Mapema mwaka huo Jon Rubinstein, mkuu wake wa vifaa, alikwenda Japani, na watu wa Toshiba wakamwonyesha diski ya inchi 1.8 yenye gigabaiti 5. Waliitengeneza bila kuwa na hakika mnunuzi wake atakuwa nani. Apple ikaajiri mtu wa nje, Tony Fadell, ikanunua chipu na mpango wa ndani kutoka kampuni ndogo ya PortalPlayer, ikachukua msingi wa programu ya skrini kutoka Pixo, na tarehe 23 Oktoba 2001 Steve Jobs akatoa kifaa mfukoni mwake. Dola 399. Hakikuwa na redio wala kinasa sauti, na betri yake mwenye kifaa hakuweza kuibadilisha. Ukikiweka kwenye jedwali la vipimo kando ya Nomad kilikuwa kinapigwa, na magazeti kadhaa ya kompyuta yaliandika hivyo.

Kilichokibeba ni safari ya wimbo. Waya wake ulikuwa wa FireWire, megabiti 400 kwa sekunde. Ukichomeka, iTunes inafunguka yenyewe, inalinganisha, inahamisha, imekwisha. CD nzima sekunde kumi. Kazi ngumu ya kupanga, kufuta na kuandika majina ilibaki kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa. Kifaa chenyewe kikaachiwa gurudumu moja la kuzungusha kwa kidole gumba. Creative iliiweka kazi hiyo ya kupanga mara mbili, ndani ya kifaa na ndani ya programu, na pote pawili kwa taabu.

Sasa hapa ndipo Apple nayo ilipokaribia kufungwa. Mali yake ilikuwa Mac. iPod ya kwanza ilifanya kazi na Mac tu, na ndani ya kampuni walikuwapo waliotaka ibaki hivyo ili iwavute watu wanunue Mac. Jobs mwenyewe alikuwa mzito kubadilika. Mwaka 2002 ikaruhusiwa Windows kwa programu ya kuazima, Musicmatch. Ni Oktoba 2003 tu ndipo iTunes yenyewe ilipofika kwenye Windows, miezi michache baada ya duka la nyimbo lililofunguliwa Aprili likiuza wimbo mmoja kwa senti 99. Tazameni mauzo kwa mwaka wa fedha wa Apple: 2003, pungufu kidogo ya milioni moja, 2004, milioni 4.4, 2005, milioni 22.5. Yako maelezo mengi ya mruko huo, ya rangi, ya matangazo ya vivuli vinavyocheza. Mimi nasema ni mlango wa Windows. Kampuni ilikubali kuipa kompyuta ya mpinzani wake kitu chake kizuri kuliko vyote, na haikulia.

Novemba 2004 Sim Wong Hoo alitangaza vita waziwazi, na kutenga dola milioni 100 za matangazo. Agosti 2005 Creative ikapewa hataza ya Marekani iliyoombwa tangu Januari 2001: njia ya kuchagua wimbo kwa kushuka skrini moja baada ya nyingine, kutoka aina ya muziki au msanii, hadi albamu, hadi wimbo. Yaani kile hasa kilichokuwa kwenye skrini ya kila iPod. Mei 2006 ikaishtaki Apple, Apple nayo ikajibu kwa mashtaka yake, na Agosti mwaka huo wakapatana: Apple ikalipa dola milioni 100 kupata leseni. Kiasi kilekile cha bajeti ya vita! Na katika makubaliano hayo Creative ikaingia kwenye mpango wa kutengeneza spika na vikorokoro vya iPod. Wako wanaosema Creative ilipata haki yake, na kisheria ilipata. Ila mtu aliyelipwa kwa kushinda hoja ya nani alianza, kisha akatoka hapo kwenda kuuza spika za kifaa cha mpinzani, sijui tumhesabu upande gani.

Sony ni kisa kifupi zaidi na cha kusikitisha zaidi. Hii ndiyo kampuni iliyoufundisha ulimwengu kutembea na muziki, kwa Walkman ya 1979. Ndiyo iliyopigana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kushinda 1984, ikitetea haki ya mtu kurekodi televisheni nyumbani kwake kwa Betamax, dhidi ya makampuni ya filamu. Miaka minne baadaye ikanunua CBS Records, ikawa yenyewe kampuni ya muziki. Basi 1999 ilipotoa Walkman ya kidijitali, wahandisi wake hawakuwa peke yao chumbani. Kulikuwa na watu wa muziki waliouona kila wimbo unaonakiliwa kuwa hasara. Kifaa hakikupiga MP3. Ulitakiwa kugeuza kila faili kuwa ATRAC, kwa programu ya Sony, yenye kufuli ya Sony, kwenye kadi ya Memory Stick ya Sony. Wimbo uliazimwa kama kitabu cha maktaba: ungeweza kuutoa mara tatu tu, na ukitaka kuutoa tena ulilazimika kwanza kuurudisha kwenye kompyuta uliyoutolea. Wimbo wako, wa CD uliyoinunua kwa fedha zako. Walkman za Sony zilianza kupiga MP3 bila kugeuzwa mwishoni mwa 2004. Kufikia hapo hapakuwa na wa kuisubiri.

Microsoft ilikuwa na mali ya aina nyingine: washirika. Mtindo wake wa tangu zamani ulikuwa kuandika programu na kuwaachia wengine watengeneze vifaa, na kwenye muziki ikafanya hivyo chini ya nembo ya PlaysForSure. Creative, Samsung, SanDisk na wengine wakaingia. Maduka ya nyimbo yakaingia. Kifaa cha huyu, duka la yule, programu ya yule mwingine, na kikiharibika kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Novemba 2006 Microsoft ikachoka, ikatoa kifaa chake, Zune, kilichojengwa juu ya kifaa cha Toshiba, kimojawapo cha rangi ya kahawia ambayo sijapata mtu wa kuitetea. Na Zune haikupiga nyimbo za PlaysForSure. Washirika walioamini nembo hiyo kwa miaka miwili waliamka wakiwa washindani wa mwenye nembo. Zune iliweza kumrushia rafiki wimbo hewani, jambo zuri na jipya, lakini wimbo uliorushwa ulikufa baada ya kusikilizwa mara tatu au kupita siku tatu, hata kama ni wa bendi yako mwenyewe uliorekodi sebuleni.

Nawaomba tukae kidogo kwenye asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2008. Siku hiyo Zune za gigabaiti 30 ziliganda, zote, zikionyesha skrini ya kuwakia na si zaidi. Kosa lilikuwa kwenye saa. Kifaa kilihesabu siku tangu mwanzo wa 1980, kisha kikawa kinatafuta mwaka kwa kutoa: siku zikiwa zaidi ya 365, toa mwaka mmoja, rudia. Ukiwa mwaka mrefu, angalia kama siku zimezidi 366, ndipo utoe 366. Sasa fikirieni siku ya 366 yenyewe, siku ya mwisho ya mwaka mrefu. Ni zaidi ya 365, kwa hiyo endelea kuzunguka. Haizidi 366, kwa hiyo usitoe kitu. Rudi mwanzo. Ni zaidi ya 365, endelea. Haizidi 366, usitoe. Kikazunguka hivyo hadi betri ikaisha. Ushauri wa Microsoft ulikuwa kuiacha izime, kisha kungoja hadi saa sita mchana kwa saa za Greenwich, Januari mosi. Wanafunzi wa kompyuta mliopo hapa, mstari mmoja wa kutoka nje ya mzunguko ungetosha. Mstari huo ulikosekana kwenye sehemu ya saa iliyoletwa na mtengenezaji wa chipu. Mshirika tena.

Nirudi kwa Apple, maana mwaka wa 2005 ilifanya jambo ambalo wenzake hawakuliweza. iPod mini, ya diski ndogo, ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote. Septemba ikafutwa, mahali pake pakaingia nano isiyo na diski, ya chipu tupu. Novemba Apple ikatangaza kulipa mapema dola bilioni 1.25 kwa watengenezaji watano, Samsung, Toshiba, Hynix, Intel na Micron, ili wahakikishe inapata chipu za kumbukumbu hadi 2010. Mpinzani aliyetaka kuiga nano alikwenda kiwandani akakuta foleni, na aliye mbele yake ameshalipia.

Huku kwetu ushindani huu ulikwenda kwa sheria nyingine kabisa, na nadhani unaipima hoja yangu vizuri kuliko Marekani. Duka la senti 99 lilipofunguliwa lilikuwa la Wamarekani tu. iTunes ilidhani una kompyuta yako nyumbani na CD zako halisi kabatini. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa alikuwa na kompyuta ya ofisini, au ya rafiki, au ya kibanda cha intaneti, na nyimbo zake zilikuwa kwenye CD ya kuchomwa yenye nyimbo mia na hamsini. iPod ilipochomekwa kwenye kompyuta ya pili ilitaka kufuta kila kitu ianze upya. Silaha iliyoishinda Singapore huku ikawa kero.

Kilichotawala Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi ni kile kidude cha Kichina kisicho na jina, umbo la flashi, betri moja ndogo, kioo kidogo cha taa ya buluu. Unakichomeka kwenye kompyuta yoyote, kinafunguka kama diski, unaburuta nyimbo, unaondoka. Vingi vya namna hiyo viliendeshwa na chipu za Actions Semiconductor ya Zhuhai, zilizokuwa rahisi mno kiasi kwamba SigmaTel ya Texas, waliotoa chipu za iPod shuffle, waliishtaki kampuni hiyo huko Marekani kwa kuvunja hataza zao, na Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo ikawapa ushindi 2006. Uamuzi huo ulizuia mizigo kuingia Marekani. Kontena za Dar es Salaam haukuzigusa. Sisemi vilikuwa vizuri: vingine viliandikwa gigabaiti 4 na ndani mlikuwa na megabaiti 128, kifaa kimedanganywa kiidanganye kompyuta, na nyimbo za mwisho hazikupiga. Lakini watengenezaji wake hawakuwa na chochote cha kulinda: si duka, si jina, si washirika. Wakakitoa kitu ambacho mazingira yalikitaka.

Kisha simu ikavimeza vyote. Jobs alipoitoa iPhone Januari 2007 aliitangaza waziwazi kuwa ni iPod pia, na iPod ikaendelea kuuzwa kwa kasi hadi milioni 54.8 katika mwaka wa fedha wa 2008, kilele chake, muuaji wake akiwa tayari dukani. Ya mwisho iliondolewa sokoni Mei 2022. Huku kwetu haikuwa iPhone. Ilikuwa simu yenye tundu la memori kadi, na kijana mwenye kompyuta kibandani anayekuwekea nyimbo kwa malipo madogo, akikuuliza unataka za dini, taarab, bongo fleva au rumba. Kijana huyo ndiye aliyekuwa iTunes yetu, na hakuwa na kufuli.

Anayemwondoa sasa ni mtengenezaji wa simu. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa ndani ya simu za Tecno, imeshawekwa kabla hujafungua boksi, na leo iko kwenye simu nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Kifaa na duka vimerudi mkononi mwa mmiliki mmoja, mara hii kutoka Shenzhen. Wasanii wetu wanalipwa humo kwa hesabu ya mara ngapi wimbo umechezwa, na mwenye kushika hesabu ni mwenye duka. Hapo ndipo ningependa maswali yaanzie, hasa kutoka kwa wale wenu mnaorekodi.